Shule Nzuri Siyo Jengo Tu

Jamani, kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa swali ni lilelile: mtoto aliyemaliza la sita aende wapi, Quitunda au Palma mjini? Wengi wanajibu kwa macho tu. Quitunda kuna majengo mapya, basi ndiko kuzuri. Mimi hapo siungi mkono moja kwa moja.

Quitunda ilijengwa na mradi wa gesi kwa familia zilizohamishwa kutoka Quitupo na vijiji vingine vya Afungi. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu wakakimbilia hapo. Watu waliongezeka, majengo hayakunenepa. Ukipita barabarani ukaona bati linang'aa, bado hujajua dawati moja wanakalia wangapi.

Sheria ya elimu ya 2018 inasema elimu ya lazima ni bure, darasa la 1 mpaka la 9. Sawa. Lakini siku hizi msingi unaishia la sita, la saba ni sekondari, na sekondari haipo kila kijiji. Hapo mama ana binti wa miaka kumi na mbili, anapima njia, siyo ukuta.

Mimi ningeuliza kwanza walimu wanalala wapi. Mwalimu anayekaa mbali, mvua ikishika barabara, hafiki.

Halafu kuna suala la karatasi, na hili ndilo linaniuma. Kazi yangu ya kujitolea ni kusindikiza wazazi kwenye kuandikisha. Shule moja, jina naliacha, ilimrudisha binti mara tatu akalete karatasi ya uhamisho. Ailete kutoka wapi, na shule aliyotoka ilichomwa moto? Tukampeleka nyingine, ukuta una nyufa, madirisha hakuna. Wakampa mtihani mdogo, akaingia darasani siku ileile. Sasa niambieni, ipi ni bora?

Na lugha. Wapo wenzetu waliokaa Tanzania wakasoma msingi kwa Kiswahili, wakirudi huku wanakutana na Kireno kitupu. Mtoto anajua hesabu vizuri kabisa, ila swali halielewi, anaandikiwa sifuri. Kama kuna mwalimu anayemfafanulia kidogo kwa Kiswahili au Kimwani, huyo mtoto atabaki shuleni. Asipokuwepo, baada ya miezi miwili utamkuta ufukweni anavuta nyavu.

Ndugu wa mashirika, mkija na fomu zenu mnahesabu madawati na vyoo. Ni vizuri, vyoo vinatakiwa. Ila waulizeni pia waliorudishwa mlangoni. Hao hawapo kwenye daftari la mkuu wa shule, ndiyo maana kwenye ripoti hamuwaoni. Tafuteni majumbani.

Sisi vijana tunaweza kuanza bila kusubiri mradi wa mtu. Nimechukua daftari, naandika shule kwa shule: walimu wangapi wanakaa palepale, wanapokea mtoto asiye na karatasi au hawapokei. Palma mjini nitapita mwenyewe. Anayeweza kupita Senga na Maganja aniambie kabla ya Ijumaa.