Anayeuza Mchezo Mbovu Awajibike

Katika taaluma yangu ya isimu, mfasiri asiyemjali msomaji wa lugha lengwa huhesabiwa kuwa ameshindwa kazi. Ndivyo ilivyo kwa mchezo wa video unaopelekwa kwenye mashine isiyoumudu.

Tarehe 10 Desemba 2020, kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa mchezo wa Cyberpunk 2077. Kwenye PlayStation 4 na Xbox One, mashine za mwaka wa 2013, picha zilikwamakwama na mchezo ukazimika ghafla. Wiki moja baadaye, Sony iliuondoa dukani mwake na kuwarudishia fedha wateja waliozidai. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba haikuwa imeuonyesha umma mchezo huo ukichezwa kwenye mashine hizo kabla ya kuuuza.

Kukosea ni hali ya mwanadamu; kumnyima mnunuzi habari za kasoro ni kumvunjia heshima. Naam, marekebisho yalifanywa, na Juni 2021 mchezo ukarejea dukani. Lakini mteja alikuwa amelipa siku ya kwanza. Je, fundi cherehani akikupa kanzu yenye mkono mmoja, utamshukuru kwa kukuahidi wa pili miezi sita baadaye? Wahenga walinena: kizuri chajiuza. Kibaya, nasema mimi, sharti kibaki karakanani hadi kitengenee.