Majimaji irudi Ligi Kuu kwa basi la kutoka Dar? Mimi nakataa!

Nimepotea kidogo, mnajua tena mambo ya test za mfululizo, halafu bumu nalo likachelewa mpaka watu tukawa tunapiga ugali maharage ya kukopa. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira.

Hasira zenyewe zimeanzia kijiwe cha chai nje ya hosteli. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Songea mjini, alikuwa anatoa mpango wa kuirudisha Majimaji. Eti dawa ni ndogo tu: apatikane tajiri, aletwe kocha mwenye jina, yashushwe majembe kumi na tano kutoka Dar, msimu ukianza tunapanda kama ngazi. Kijiwe kizima kinaitikia "kweli bwana, kweli bwana". Nilipotaka kuchangia nikaambiwa, "Dada, wewe rudi kwenye pete." Sawa kaka zangu. Pete nimeiweka pembeni kidogo, naandika hapa ambapo hamuwezi kunikatisha.

Kwa wale ambao si wa kusini, niwaambie kwa ufupi. Majimaji ni timu ya Songea, jina limetoka kwenye ile vita ya 1905 hadi 1907, na mashabiki wake tunaitwa Wanalizombe, kwa ile ngoma ya Lizombe. Siyo timu ya kuokota. Ilibeba ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, ikarudia 1986, ikabeba tena 1998, wakati Simba na Yanga wapo hai wanaangalia. Kwetu Mbinga watu walikuwa wanasikiliza redio huku wanachambua kahawa, na ushindi ulikuwa wa wote, wa Mmatengo, wa Mngoni, wa Mnyasa wa kule ziwani. Ndiyo maana likizungumzwa suala la Majimaji sikai kimya.

Sasa tuje kwenye mpango wa kaka. Huo mpango siyo mpya jamani! Mwaka 2015 Majimaji ilipanda Ligi Kuu pamoja na Mwadui, Toto Africans na African Sports. Msimu huo wa 2015/2016 akaletwa kocha kutoka Finland, Mika Lonnstrom. Msimu haujaisha Mfini hayupo, timu anayo Kally Ongala, mtoto wa marehemu Dk. Remmy. Sina ugomvi na Mfini wala na Kally, wote watu wa mpira. Lakini nauliza tu, kocha anayefika wakati ratiba ipo mlangoni, Mbinga atakwenda lini? Mbamba Bay atakwenda lini? Namtumbo na Tunduru je? Hawezi. Atasajili kwa simu, atachukua anaowajua na anaoambiwa na watu wa usajili. Akiondoka, anayemfuata anaanza moja. Tulidumu misimu mitatu, mwaka 2018 tukashuka na jirani zetu Njombe Mji, na tangu hapo Ligi Kuu tunaiangalia kwenye runinga ya kibandani kwa kiingilio.

Halafu mtu anakuja na kikombe cha chai kutuambia turudie kile kile.

Niwape ya kwangu niliyoyaona. Likizo iliyopita nilifanya BTP kwenye shule moja ya kata wilayani Mbinga, jina naliacha. Kama hujawahi kufika Umatengo, jua kwamba kule ardhi ya tambarare ni ya kutafuta kwa tochi. Uwanja wa shule umelala kwa upande, ukipiga shuti la kwenda chini mpira unaishia kwenye ngoro za maharage ya watu, na mnasimama kumsubiri aliyeufuata apande nao. Mpira wenyewe mmoja, umeshonwa mara mbili. Kwenye uwanja huo kulikuwa na kijana wa kidato cha nne, kipa. Jamani, yule mtoto! Anadaka bila gloves, anajirusha kwenye changarawe, anapanga mabeki wake kwa sauti kama kamanda. Tulicheza na shule mbili za jirani, hakufungwa hata bao moja. Mimi siyo kocha, lakini nimecheza michezo tangu darasa la tatu, na mtu mwenye kipaji ukimuona humuulizi cheti.

Nani mwingine alimuona? Hakuna. Kutoka Mbinga hadi Songea ni kama kilomita mia hivi, na siku hizi ni lami tupu. Siyo zile enzi za kulala njiani na lori la kahawa. Lakini hakuna mtu aliyekuja. Kamaliza mtihani, matokeo siyo ya kwenda mbali, na nilivyopiga simu juzi nikaambiwa anaendesha bodaboda ya mtu. Umri wake bado wa U20. Kesho kutwa timu ya mkoa wake itamlipia kipa nauli ya karibu kilomita elfu moja kutoka Dar, chumba na posho, na huenda kipa huyo kamzidi yule mtoto kitu kimoja tu, kwamba yeye kuna mtu aliwahi kumuona.

Hapa ndipo mimi mtu wa ualimu naumia zaidi. Timu za mikoani zilikuwa zinalishwa na shule. Ukichukua historia ya wachezaji wengi wa zamani wa nchi hii utakuta UMITASHUMTA na UMISSETA zimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikasimamisha michezo hiyo, eti watoto wasome. Ikaja kurudishwa baadaye, lakini shimo lilishachimbwa: waliokuwa walimu wa michezo wakastaafu, vifaa vikaoza stoo, shule za kata zikajengwa kwa maelfu na nyingine uwanja hata kwenye ramani haumo. Leo ukiripoti kituo cha kazi, kijana mpya, utasikia "mwalimu wewe una nguvu, chukua michezo". Bajeti? Unaangaliwa tu. Mzigo huo miaka miwili ijayo ni wa kwangu, kwa hiyo msiniambie hayanihusu.

Kijiweni waliniambia tena (kabla ya ile ya pete) kwamba vijana wa nyumbani ni wachanga, ligi inataka matokeo. Nikawauliza, Mbeya City mmeisahau? Walipanda 2013, kocha Juma Mwambusi, kikosi cha vijana ambao wengi hakuna aliyekuwa anawajua hapa mjini, na msimu wao wa kwanza kabisa, 2013/2014, wakamaliza nafasi ya tatu. Ya tatu! Wakongwe wakiwa wanapishana nao kwa jasho. Mbeya nzima ilikuwa uwanjani kwa sababu anayecheza ni mtoto wa jirani. Na vijana wakauzika, Deus Kaseke akaenda Yanga. Najua mtanijibu kwamba Mbeya City nao walishuka 2023. Ndiyo, walishuka, na 2025 wakarudi. Timu yenye mizizi ikikatwa inachipua. Mchezaji wa kukodi msimu ukiisha anafunga begi, hata shilingi ya kumuuza huipati.

Tuvuke mpaka kidogo. Wakenya kwenye raga. Mwezi wa nne 2016 timu yao ya wachezaji saba saba ilichukua taji la Singapore kwa kuipiga Fiji 30 kwa 7 fainali, Fiji ile ile ambayo miezi michache baadaye ilichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Kocha hakuwa Mzungu, alikuwa Benjamin Ayimba, Mkenya aliyeichezea timu hiyo mwenyewe (alifariki 2021, Mungu amrehemu). Raga yao inaanzia shule za sekondari, inapita vyuoni. Chuo Kikuu cha Nairobi wana Mean Machine, Kenyatta wana Blak Blad, wanafunzi kabisa wenye supu na mikopo kama sisi, wanapambana na klabu kubwa za watu wazima. Kwa hiyo kocha akikaa kupanga kikosi cha msimu mpya anajua shule gani ina nani. Sisi hapa chuoni timu ya mpira inakutana wiki moja kabla ya mashindano, jezi zinaazimwa, halafu tunashangaa tumepigwa nne. Haya nimeshatoka nje ya mada, narudi.

Mimi ningepewa Majimaji leo, kocha ningemsainisha miaka mitatu, na kazi yake ya kwanza isingekuwa Songea. Mechi za UMISSETA za kata na wilaya zinachezwa kabla ya mwezi wa sita. Ligi Kuu huanza mwezi wa nane hivi, madaraja ya chini baadaye kidogo. Maana yake kocha ana muda wa kuzunguka wilaya zote kabla hajamsaini hata mtu mmoja. Akae jukwaani, au kwenye jiwe maana majukwaa hakuna, aandike majina. Majaribio yafanyike Mbinga, yafanyike na Mbamba Bay. Siyo kumwambia mtoto wa Liuli ajitafutie nauli, chakula na pa kulala Songea siku tatu, halafu akikosa aambiwe hakuwa na nia. Wale watoto wa ziwani wanacheza mchangani kila jioni, miguu yao ina pumzi ya ajabu, nendeni mkawaone Lituhi halafu mje tubishane.

Na sisemi kikosi kizima kiwe cha wapwa na wajomba. Beki wa kati mzoefu, nunua. Mshambuliaji mmoja anayejua kelele za uwanja mkubwa, nunua. Kiungo mmoja mtu mzima wa kutuliza watoto, nunua. Lakini nusu ya majina kwenye orodha ya usajili yatoke Ruvuma, na katika kumi na moja wa kwanza wasipungue watano. Kocha msaidizi mmoja awe mwalimu wa shule ya hapa hapa mkoani, anayejua nani kamaliza lini na anaishi kijiji gani, maana vijana hawa simu zenyewe za kuazima. Fedha ya kumleta na kumlaza mtu mmoja wa Dar inanunua mipira ya wilaya nzima. Tajiri akija, tena aje haraka, aambiwe hivyo siku ya kwanza kabla hajaanza kuuliza nani nyota tumsajili.

Mwezi wa saba natua tena Mbinga kwa BTP ya pili. Kipa nimeshamwambia asiuze viatu. Mtu yeyote wa benchi la Majimaji anayetaka kumuona, nampokea mwenyewe stendi na bodaboda nitamlipia, dereva atakuwa huyo huyo kipa.

Nawasilisha. Wa kunitukana anifuate kijiweni, chai anunue yeye.