Ulaghai wa mtandaoni: Muuzaji naye alindwe

Mtumishi wa umma aliyepata barua ya uhamisho hauzi vyombo vyake kwa kutaka biashara. Huviuza kwa sababu safari imemfika. Mwalimu anayetoka Songea kwenda Bukoba hawezi kulibeba jokofu lake kuukuu, kwani gharama ya lori huenda ikazidi thamani ya jokofu lenyewe. Basi huliuza, pamoja na makochi, kitanda cha ziada na kabati la vyombo, ili apate cha kuanzia huko aendako. Mara nyingi fedha hizo ndizo zinazomfikisha, maana si kila posho ya uhamisho hulipwa kabla ya mizigo kufungwa.

Zamani tangazo la mauzo ya namna hiyo lilibandikwa kwenye ubao wa shule au mlangoni mwa ofisi, likasomwa na watu wanaomfahamu mwenye mali. Mnunuzi alikuwa jirani, mwalimu mwenziwe, au karani wa ofisi ya pili. Noti zilihesabiwa juu ya meza, watu wakapeana mikono, jokofu likabebwa. Siku hizi picha hupigwa kwa simu, ikawekwa katika kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook au Instagram, na kabla chai haijapoa jokofu la Songea limekwisha kuonekana Mbeya, Mwanza na Tanga. Hapana shaka kwamba hayo ni maendeleo. Mali ambayo ingeuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu mmoja wa mtaani sasa yaweza kupata wanunuzi kumi wa kushindana. Lakini sokoni humo wamekwisha kuingia watu ambao hawakuja kununua.

Adha huanza na mambo madogo. Mtu wa kwanza huuliza, "Bado ipo?" Hujibiwa kuwa ipo, naye hasemi tena neno. Wa pili, hata kabla hajaliona jokofu wala kuuliza kama linagandisha, hutaka kujua "mwisho shilingi ngapi". Wa tatu hutoa nusu ya bei na kukasirika anapokataliwa, kana kwamba yeye ndiye aliyetukanwa. Wa nne huahidi kufika Jumamosi saa kumi jioni. Mwenye mali akaacha shughuli zake zote, akakaa nyumbani hadi giza, na simu ya mnunuzi ikawa haipatikani. Huku nyuma dalali wa kujipachika amekwisha kuichukua picha ile, akaiweka kwingine kwa bei ya juu zaidi kana kwamba mali ni yake, na watu wasioelewana na bei hiyo wakaanza kumpigia simu mwenye nyumba kumlaumu.

Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu kutimiza miadi ya kutazama makochi, wala haifai iwepo. Lakini adha hizo zina madhara yanayozidi usumbufu. Zinamchosha muuzaji. Zikiwa zimebaki siku tatu za kuondoka, na amekwisha kusumbuliwa na wababaishaji wiki nzima, akitokea mtu mmoja mwenye sauti ya upole, asiyeshindana bei, anayesema "Mwalimu, nimeridhika, nalipa sasa hivi", muuzaji humpokea kama mkombozi. Hapo ndipo tapeli anapoingilia. Yeye hana haja ya kuvunja mlango, kwa kuwa wababaishaji wamekwisha kumfungulia.

Njia yake iliyo maarufu ni ujumbe wa uongo wa malipo. Jokofu limekubaliwa kwa Sh. 350,000. Kijana aliyetumwa kulichukua amefika na kirikuu, injini inaunguruma mlangoni. Simu ya muuzaji hulia, na humo mna ujumbe ulioandikwa kwa mpangilio uleule wa ujumbe wa kampuni ya simu: namba ya muamala, kiasi kilichopokewa, jina la mtumaji na salio jipya. Ni kweli kwamba ujumbe huo umetoka katika namba ya kawaida ya mtu, wala si kwa jina la huduma. Ni kweli pia kwamba salio lililotajwa ni la kubuni. Lakini ni watu wangapi wanaokumbuka salio lao hadi shilingi ya mwisho, nao wamesimama jua kali huku mtu anawaharakisha? Jokofu hupakiwa. Jioni, muuzaji akienda kwa wakala kutoa fedha, huambiwa hakuna kitu.

Njia ya pili ni mbaya kupita hiyo, kwa kuwa humtoza mtu fedha zake mwenyewe. Ujumbe wa uongo huonyesha kuwa zimeingia Sh. 530,000, na papo hapo mnunuzi hupiga simu kwa sauti ya kuhangaika. Amekosea tarakimu, asema, na hizo Sh. 180,000 za ziada zilikuwa za matibabu ya mtoto. Naomba mwalimu unirudishie haraka. Muuzaji, kwa uungwana wake, hurudisha. Anachorudisha ni mshahara wake, kwa kuwa hakuna kilichopata kuingia.

Yafaa jambo hili litazamwe vizuri, kwa sababu linapinga usemi uliozoeleka kwamba anayetapeliwa ameponzwa na tamaa. Usemi huo una ukweli kwa mtu anayetafuta pikipiki mpya kwa robo ya bei. Lakini tamaa ya mwalimu huyu ni ipi? Ametaja bei ya haki kwa mali yake ya halali, na amerudisha fedha alizodhani si zake. Kilichomponza ni adabu. Anaona aibu kumsimamisha mgeni mlangoni akitazama salio, asije akaonekana kuwa hamwamini. Hata hivyo, mtu huyohuyo akilipwa noti huzihesabu mbele ya mlipaji, mara mbili ikibidi, na hakuna anayekasirika. Kutazama salio katika orodha ya huduma kwenye simu yake mwenyewe, kabla mzigo haujainuliwa, ni kuhesabu noti kulekule. Mnunuzi wa kweli atasubiri. Anayesema ana haraka na aende na haraka yake, jokofu libaki.

Kuna ulaghai wa tatu, ambao haujazungumzwa vya kutosha. Tapeli huona tangazo la jokofu, akamwambia mwenye mali: "Nalitaka. Namtuma mdogo wangu alitazame, lakini usizungumze naye habari za bei, kwani fedha ni zangu." Kisha hulitangaza jokofu hilohilo yeye mwenyewe, kwa picha zilezile na kwa bei nafuu kidogo, akampata mnunuzi wa kweli. Huyo naye huambiwa: "Nenda kalitazame kwa kaka yangu, ukiridhika, nitumie mimi fedha." Mnunuzi hufika, hukaribishwa, huwashiwa jokofu, hulipenda. Kwa kuwa wote wawili wamekatazwa kutaja bei, hakuna anayeitaja. Mnunuzi hutuma fedha kwa tapeli. Muuzaji hupokea ujumbe wa uongo, au hapokei chochote. Mmoja anataka kupakia, mwingine anazuia.

Hapo kizingitini husimama watu wawili waaminifu, kila mmoja akiwa na yakini kwamba mwenzake ni mwizi. Kelele zikizidi, majirani hukusanyika. Wakifika kituo cha polisi, anayeweza kushikwa kwa urahisi ni mwenye nyumba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye anwani, mwenye kazi inayojulikana, na mwenye jokofu. Aliyezila fedha yu mbali, na huenda amekwisha kuizima laini. Sentensi moja tu ingewaokoa wote: mnunuzi kumwuliza aliye mbele yake, "Mali hii ni ya nani, na wewe unaiuza shilingi ngapi?" Mtu yeyote anayekataza swali hilo lisiulizwe amekwisha kujitambulisha.

Lakini ni kosa kubwa kuufanya mzigo wote uwe wa muuzaji na hadhari zake. Wajinga ndio waliwao, husema watu, kisha hucheka. Methali hiyo yaweza kufaa barazani. Haifai kuwa sera ya ofisi yenye mamlaka.

Sheria haikosekani. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 302, inamhesabu mtu anayejipatia mali kwa udanganyifu kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka saba, na kifungu hicho kilikuwapo zamani kabla ya simu za mkononi. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo inashughulikia ulaghai unaofanywa kwa kompyuta na simu. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekea taarifa za matapeli. Basi upungufu uko wapi?

Usajili wa laini za simu ulianza nchini mwaka 2009, na mwaka uliofuata ukapewa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwaka 2019 ukaja usajili wa alama za vidole kwa kutumia kitambulisho cha Taifa, na Januari 2020 ukafika mwisho wa muda uliotolewa. Wananchi waliitikia. Wazee walikaa foleni tangu alfajiri. Walimu waliomba ruhusa vipindini. Waliambiwa kwamba, pamoja na faida nyingine, kila laini ingekuwa na mwenyewe, na mhalifu angekosa pa kujificha. Kama ndivyo, laini iliyotumika kumwibia mwalimu wa Songea ina mwenyewe. Kuna kidole kilichowekwa juu ya mashine ili laini hiyo izaliwe.

Taabu ni kwamba kidole hicho aghalabu si cha tapeli. Ni cha bibi wa kijijini aliyekwenda kusajili laini yake moja chini ya mwavuli wa wakala. Aliambiwa, "Haijasoma, bibi, weka tena." Akaweka tena. Kumbe mara ya kwanza ilisoma, na mara ya pili ikazaa laini ambayo hajapata kuiona. Ndiyo maana kila mwenye simu angefaa apige *106# na kutazama ni namba ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, wapo wanaoshtuka. Kwa sababu hiyohiyo muuzaji asikubali kumpelekea mnunuzi asiyemjua picha ya kitambulisho chake "kwa ajili ya kuaminiana". Picha hiyo ndiyo itakayoonyeshwa kwa mtu mwingine atakayetapeliwa kesho, na jina litakalolaaniwa ni la mwalimu.

Baada ya kuibiwa huanza safari nyingine. Muuzaji huenda kituoni, hueleza, huandikiwa namba ya taarifa. Huenda katika duka la huduma la kampuni ya simu, ambako huelezwa kwamba taarifa za mteja mwingine haziwezi kutolewa bila utaratibu wa polisi. Jambo hilo ni sahihi. Siri za wateja lazima zilindwe. Hurudi kituoni. Mpelelezi ana majalada ya ujambazi na mauaji. Jokofu la Sh. 350,000 liko chini kabisa ya rundo. Mwalimu naye ana barua inayomtaka aripoti Bukoba Jumatatu. Tapeli anayafahamu yote hayo. Ndiyo sababu hapendi kuiba mamilioni kwa mtu mmoja. Huiba laki tatu kwa watu wengi, kila mmoja akiwa na kituo chake cha polisi, wilaya yake na jalada lake, na hakuna anayeyaweka majalada hayo pamoja ili ionekane kwamba mkono ni mmoja.

Yapo mambo ambayo hayangoji sheria mpya. Fedha zilizotumwa kwa tapeli, kama zile za mnunuzi wa jokofu, hutolewa kwa wakala katika dakika chache, lakini malalamiko hupita mezani kwa siku kadhaa. Mizani hiyo lazima igeuzwe. Mtu aliyeibiwa akitoa taarifa papo hapo, kiasi kinacholalamikiwa kizuiwe kwa saa 24 huku polisi wakiitazama namba ya taarifa. Ikiwa lalamiko ni la uongo, mlalamikaji awajibishwe kwa kutoa taarifa za uongo. Kadhalika, majalada ya ulaghai wa simu yapangwe kwa namba iliyotumika, popote yalipofunguliwa, badala ya kuachwa kila moja katika wilaya yake. Namba moja ikitokea mara nane katika mikoa mitano, hilo si jalada dogo tena.

Na ikiwa mwenye laini atapatikana kuwa ni yule bibi asiyejua lolote, upelelezi usiishie kwake kwa kumtisha na kumwachia. Laini haikujisajili yenyewe. Kuna wakala aliyesema "weka tena", naye alisajili kwa namba yake ya uwakala, siku fulani, mahali fulani, na kumbukumbu hizo zimo katika mitambo ya kampuni. Aanze kuulizwa yeye.