Ukibonyeza "Baadaye" Kila Siku

Kuna neno moja dogo limejaa kwenye simu zetu na limewagombanisha wengi: "Baadaye".

Krismasi iliyopita nilikwenda Haneti, wilayani Chamwino, alikoolewa dada yangu. Shemeji anauza yale mawe ya kijani, krisopraso, na duka lake ni simu. Picha za mawe, namba za wateja, nani kalipa na nani anadaiwa, vyote vimo humo. Simu yenyewe ilikuwa inaomba kusasishwa mfumo endeshi ili kurekebisha kasoro za usalama. Kila ikiomba, shemeji anabonyeza "Baadaye".

"Hata bati la jikoni ulisema baadaye," dada akamchokoza.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji, wewe umesomea mawasiliano, hebu amua. Rafiki yangu aliapdeti, simu ikagoma kuwaka. Mimi nifuate nini huko?"

Jamani, digrii yangu ni ya mawasiliano, si ya ufundi simu! Ila ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa na hoja.

Tuanze na dada. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu kwenye Windows. Wengi wakasema baadaye. Mei 12 mwaka huo huo kirusi cha WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili kwenye nchi zaidi ya 150 na kudai fedha. Hospitali za Uingereza ziliahirisha hadi upasuaji.

Shemeji naye haogopi kivuli. Septemba 24, 2014 Apple ilitoa iOS 8.0.1 ya kurekebisha kasoro, na baadhi ya wenye iPhone 6 wakajikuta hawawezi hata kupiga simu. Iliondolewa siku ile ile, na dawa yake ikatoka kesho yake.

Kwa hiyo jibu langu likawa hili: weka, lakini usikurupuke. Subiri siku chache uwasikie waliotangulia, isipokuwa kampuni ikitangaza kwamba wezi tayari wanalitumia tundu hilo. Chaji ijae, nafasi iwepo, na nakala ya vitu vyako ikae mahali pengine.

Kwenye nakala ndipo kasheshe ilipoanza. Kumbe dada hajui hata namba ya siri ya ile simu! Nikamuuliza shemeji, "Ikiibiwa leo, nyumba hii itaanzia wapi?" Kimya.

Jioni ile wakakaa barazani na daftari. Shemeji anasoma, dada anaandika: mteja gani, alichukua mawe gani, bado anadaiwa kiasi gani. Walipofika ukurasa wa tisa dada akacheka, "Miaka yote hii ya ndoa, leo ndio nimeijua kazi yako." Picha tukazihamishia kwenye kompyuta yangu.

Asubuhi nikamgawia bando, akabonyeza. Simu ikazima. Dakika zikapita, hakuna aliyegusa chai. Halafu ikawaka, na kila kitu kilikuwepo.

Wewe na mwenzio je? Kabla hamjabonyeza chochote, ulizaneni leo: simu yako ikizima isiwake tena, mwenzio anajua nini? Swali hilo halihitaji bando, na tafadhali usilijibu "Baadaye".