Akhwari Si Kiboko cha Mwalimu

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Lushoto nasubiri gari la kwenda Magamba, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa ya maduka, akaja binti mmoja wa kidato cha pili ambaye kwao si mbali na kwetu. "Shikamoo kaka." Nikaitika. Alikuwa anachechemea. Akasema ana maswali mawili, na eti mimi ndiye msomi wa mtaani. Msomi! Mimi niliyeishia kidato cha nne, na riwaya yangu tangu mwaka juzi imekwama sura ya sita.

Swali la kwanza: Ijumaa anatakiwa kukimbia mita 1500 katika mchujo wa UMISSETA, na kifundo cha mguu kinamuuma wiki ya pili sasa. Amwambie nini mwalimu wa michezo? Swali la pili: klabu ya historia imemtwisha kazi ya kuchagua filamu ya historia, ionyeshwe bwaloni Jumamosi. Achague ipi?

Yeye alidhani ni maswali mawili. Nilipomsikiliza vizuri nikaona ni moja, maana la kwanza mwalimu alikwisha lijibu, na alilijibu kwa filamu. Alitoa simu mfukoni, akamwonyesha kile kipande cha Mexico, akamuuliza: "Huyu naye angesema mguu unauma?"

Mnakijua kile kipande. Ni tarehe 20 Oktoba 1968. Jua limekwisha zama, Mamo Wolde wa Ethiopia ameshinda maratoni zaidi ya saa nzima iliyopita, uwanjani wamebaki watu wachache. Mara anaingia Mtanzania, John Stephen Akhwari wa Mbulu, bandeji mguuni, anaburura goti aliloumia alipoanguka njiani. Anamaliza. Wa mwisho kati ya 57. Mmarekani Bud Greenspan alikiingiza katika filamu zake za Olimpiki, na mpaka leo watu wanakitazama wakilia. Hata mimi nimelia, sitaki kujifanya jiwe.

Lakini mimi kipande hicho nakijua kwa njia nyingine pia. Nilipokuwa kidato cha tatu, katika shule ambayo sitaitaja, nilikimbia mita 5000 goti langu likiwa limevimba kama kiazi cha Lukozi. Nilikwenda kwa mwalimu, nikamwonyesha. Akacheka, akaniambia jina moja tu: Akhwari. Basi, nani atabishana na jina hilo mbele ya darasa zima? Nikakimbia. Nikawa wa tisa. Hakuna aliyepiga makofi, wala hakuna aliyekuja na kamera. Wiki tatu nilikaa nyumbani, mtihani wa muhula ukanipita, na mpaka leo masika yakianza na njia za huku milimani zikawa utelezi, nikiteremka goti linanikumbusha.

Ndugu zangu, Mzee Akhwari sina ugomvi naye hata chembe. Alikuwa mtu mzima wa miaka 30, mkimbiaji aliyekomaa, aliyeamua mwenyewe juu ya mguu wake. Ugomvi wangu ni na mkasi. Nani alikata kile kipande pale kilipokatwa, na kwa nini sisi tunakimeza hivyo hivyo kama uji wa bwalo?

Hebu tufanye hesabu ndogo. Walioanza mbio zile walikuwa 75. Waliomaliza, 57. Wale 18 wako wapi? Mmoja wao anaitwa Abebe Bikila. Ndiyo, Bikila yule yule aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Siku ile ile, barabara ile ile, mguu wake nao ulikuwa mbovu, na baada ya kilomita kama 17 akasimama. Akaacha. Je, kuna mwalimu yeyote Tanzania hii aliyewahi kumwita Bikila mwoga? Ila wanafunzi wao hawawaambii kwamba mbio zile zilikuwa na watu wawili wenye miguu mibovu, mmoja akaendelea na mwingine akaacha, na wote wawili ni majabali.

La pili, ambalo linaniudhi zaidi. Baada ya Mexico Akhwari alikwenda Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, akakimbia maratoni kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano. Wa tano, bwana! Mtanzania mzima wa afya, goti limepona, anawaacha nyuma wakimbiaji wa mataifa makubwa. Hicho nani anakionyesha? Hakitoi machozi. Dunia ilimpenda akichechemea, na sisi watu wake tumekubali abaki anachechemea milele, ili tuwe na fimbo ya kuwachapia watoto.

Na tusiwaonee walimu peke yao. Kuna wazazi wa upande wa pili, wale ambao kwao michezo ni uhuni mtupu, mtoto akionekana na viatu vya kukimbilia anaulizwa hivyo ndivyo vitampa daraja la kwanza? Binti yule baba yake ni wa namna hiyo. Kwa hiyo nyumbani anafokewa kwa nini anakimbia, shuleni anafokewa kwa nini hakimbii. Mguu wenyewe hakuna aliyeuangalia.

Nilimwambia kwamba ipo filamu ya historia juu ya mtu aliyekataa kukimbia, Chariots of Fire ya mwaka 1981. Eric Liddell, Mskoti, alikataa mita 100 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili, akakimbia mita 400 akashinda kwa sekunde 47.6. Nzuri sana. Lakini hata pale mkasi umepita! Filamu inamwonyesha akipata habari ya Jumapili siku ile ile anapanda meli, kisha mbele ya wakubwa anasema hapana, unasisimka. Ukweli ni kwamba alijua ratiba miezi mingi kabla. Alisema hapana mapema, akapata muda wa kujifua kwa mita 400. Mwenye kutunga alitupa ile miezi kwa kuwa haina mzuka. Wakati kwa mtoto wa kidato cha pili mwenye kifundo kilichovimba, ile miezi ndiyo filamu yenyewe.

Kwa hiyo nikamwambia: mwalimu usimfuate Ijumaa asubuhi, kila mtu amepanga mstari. Nenda kesho. Pitia zahanati kwanza, uwe na karatasi. Na mtaje msichana mwingine anayeweza mita 1500, asije akasema umemwangusha.

Sisi tunaojiita waandishi tunyamaze? Hadithi ngapi zimeletwa kwenye jarida hili ambazo shujaa anafunga bao dakika ya mwisho akiwa na kidonda? Ninayo na mimi moja, nimeichana. Tunalalamika kwamba hakuna filamu ya Kimweri ye Nyumbai wala ya Vuga, sawa, lakini tukipewa kamera kesho tutamfanya Kimweri naye akimbie na goti bovu.

Alikwenda Jumatano. Mwalimu alifura, akasema ameharibiwa na waandishi wa vijiweni (asante, mwalimu), lakini karatasi aliipokea, na mwingine akakimbia. Filamu tulichagua Atletu, ya mwaka 2009, ya Kiethiopia, inayomhusu huyo huyo Bikila: jinsi ajali ya gari ya mwaka 1969 ilivyompooza miguu, naye akarudi michezoni akiwa kwenye kiti cha magurudumu, anarusha mishale. Katibu wa klabu alibisha sana. Imesemwa Kiamhari, haina wa kuitafsiri kama kwenye kibanda umiza, watu watalala. Nikajitolea kusimama kando ya ukuta nisome maandishi ya Kiingereza na kuyageuza Kiswahili, sauti ikanikauka kabla ya nusu saa.

Kweli, kama nusu ya watu waliondoka wakisema haina mapigano. Waliobaki walibishana mpaka kengele ya chakula kama mtu anayeacha mbio ameshindwa au la, na mabishano yenyewe yalikuwa makali kuliko filamu. Binti alikaa mstari wa mbele, mguu ameuweka juu ya kiti cha pili, umefungwa bandeji safi.