Ziwa Limeshalipiwa

KIBARAZA CHA RUNBY
Na Bi Mkubwa

Jumamosi iliyopita nilifungiwa ndani ya ghala lisilo na dirisha pamoja na watoto wasiohesabika, na nje jua la Juni linawaka. Nasema ghala kwa sababu ni ghala. Kupaka kuta rangi ya zambarau na kumchora twiga anayecheka hakulibadilishi. Ni moja ya yale majumba ya kuchezea watoto ambayo wenyeji wanayaita lekland. Jina lake silitaji, maana mwenye jumba hajanikosea kitu. Yeye anauza. Ugomvi wangu ni na sisi tunaonunua.

Ilikuwa shughuli ya kuzaliwa, mtoto anatimiza miaka sita. Mlangoni kila mtoto krona mia mbili na ushei, na bangili ya karatasi mkononi. Mtu mzima naye analipa, eti kwa kusindikiza. Halafu soksi. Aliyekuja na kandambili, na mimi nilikuwemo, hana budi kununua soksi pale pale kaunta: nyeusi, zina vidoti vya mpira chini ya nyayo, kwa bei ambayo Marikiti, kwetu Mombasa, ningepata dazeni na chenji juu. Nikalipa, nikavaa, nikaingia.

Ndani sasa. Muziki mkubwa kuliko harusi. Bwawa la mipira ya plastiki ambalo ukiinua mpira mmoja unakuja na mwenzake, wameshikana kwa juisi ya mtu. Soseji imesinyaa ndani ya mkate baridi. Baba mmoja kalala amekaa, mdomo wazi, funguo za gari zimeshikwa kwa nguvu mkononi. Kina mama kila mmoja na simu yake. Watoto walikuwa wakitujia kwa jambo moja tu: sarafu za ile mashine ya mkono wa chuma unaoshika mwanasesere na kumwachia kabla hajafika shimoni.

Haya yote ningeyavumilia. Nimevumilia makubwa zaidi, waulizeni walionipangisha nyumba mwaka wa kwanza. Lakini ikafika saa tisa, mtoto mwenye siku yake akaja jasho linamtiririka, akamshika mama yake goti. "Mama, kesho twende Kairo?" Mama hakuinua macho kwenye simu. "Kairo ni kwa wasio nacho, mwanangu."

Kalamu yangu ikaanza kuniwasha pale pale.

Kwa wasomaji wapya: Kairo ni Kairobadet, ufuko wa ziwani wa kuogelea, hapa hapa mjini kwetu Upplands Väsby, Sweden. Wa zamani mnaikumbuka ile simu ya mjukuu wangu kwenda Mombasa, alipowaambia kwamba ameshinda Kairo na amerudi kabla ya chakula cha jioni, na ukoo mzima ukakaa kikao kujadili nani katupa nauli. Kairo pana mchanga, nyasi na gati la mbao. Geti hapana. Unatandika kanga, unafungua mahamri na chupa ya chai, watoto wanaingia majini, wanatoka midomo imekuwa ya buluu, wanakula, wanaingia tena.

Nikamgeukia yule mama. "Mwanangu, kodi unalipa?"

"Bi Mkubwa, inakatwa juu kwa juu, hata siioni."

"Basi Kairo umeshalipa."

Akacheka, akidhani ni maskhara yangu ya kawaida. Hayakuwa maskhara. Katika nchi hii, kabla mshahara haujagusa akaunti, kommun, yaani serikali ya mtaa, na mkoa zimeshachukua chao, wastani wa krona 32 hivi katika kila 100 zinazotozwa kodi. Ni kwa fedha hizo nyasi za ufukweni zinafyekwa na mbao za gati zilizooza zinabadilishwa. Daktari analipwa humo, na mwalimu, na maktaba inawashwa taa. Hapa hakuna cha bure. Kuna kilicholipiwa mapema. Sasa wewe umekatwa mwezi mzima, halafu Jumamosi unakwenda kumlipa mtu mwingine akufungie mtoto ghalani, na unamwita maskini yule aliyekwenda kuchukua haki yake. Nani hapo asiyejua hesabu?

Tuseme hiyo maktaba. Ukishuka treni ya pendeltåg, hatua chache kutoka stesheni liko jengo la Messingen, lililofunguliwa mwaka 2011, na ndani mna maktaba. Kuazima kitabu ni bure kwa sheria, si kwa huruma ya mkutubi. Sheria hiyo hiyo inaitaka maktaba imjali mwenye lugha mama isiyo Kiswidi, yaani wewe na mimi na bibi yake mtoto. Omba cha Kiswahili. Wasipokuwa nacho, waombe wakitafute. Nikienda nawaona wazazi wa kila taifa wamekaa chini na watoto wao, vitabu vimetapakaa. Watu wetu huwa siwaoni. Sisi tunalalamika msibani kwamba watoto wamesahau lugha.

Na msitu je? Sweden ina kitu kinaitwa allemansrätten, haki ya kila mtu, na tangu mwaka 1994 kimetajwa ndani ya katiba. Unaruhusiwa kutembea katika msitu wa tajiri usiyemjua, kuchuma blåbär, zile beri za buluu, na uyoga wake, na hata kupiga hema usiku mmoja, mradi usisogelee nyumba yake, usivunje matawi ya miti hai, usiwashe moto wakati wa marufuku, na uondoke na taka zako. Nyumbani ukichuma embe moja la jirani unaitiwa mzee wa mtaa. Hapa katiba inakukaribisha, na wewe unanunua blåbär dukani katika kikopo cha plastiki.

Mnaniambia watoto watachoka, hakuna cha kuona. Hebu niwapeleke Ed, hapa hapa Upplands Väsby. Karibu na kanisa la Ed, kandokando ya njia ya miguu, liko jiwe kubwa lenye maandishi ya kale ya runi, la karne ya 11. Aliyelichongesha aliitwa Ragnvald. Upande mmoja anamkumbuka mama yake, Fastvi, aliyefia hapo hapo Ed. Upande wa pili anajieleza mwenyewe: alikuwa Ugiriki, na huko alikuwa mkuu wa kikosi cha askari. Wanahistoria wanamhesabu miongoni mwa wale walinzi wa Kaskazini waliomtumikia mfalme wa Konstantinopoli. Mnamwona mtu huyo? Kaenda ughaibuni, kapata cheo, karudi kwao, na jambo la kwanza ni kukiandika cheo chake mahali ambapo kila mpita njia atakiona. Angekuwa mmoja wetu, angesimama kando ya gari apigwe picha. Wajukuu zangu walipolizunguka lile jiwe na kulipapasa mistari yake kwa vidole, waliniuliza maswali mpaka tukafika nyumbani. Kutoka lekland waliniuliza moja tu: kama tutarudi.

Ukitaka makubwa zaidi, upande wa magharibi, juu ya ziwa Mälaren, iko Runsa. Ni ngome ya kilimani ya kabla ya Waviking, na karibu yake mawe yamepangwa umbo la jahazi, urefu wake zaidi ya mita 50. Jahazi la mawe! Mtoto wa Pwani umnyime hilo umpeleke kwenye mipira iliyonata?

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, mnanijua. Zile stovu za mafuta ya taa za kupampu, za shaba, zilizokuwa zikivuma alfajiri katika nyumba za bibi zetu: kampuni ya Optimus ilikuwa ikizitengeneza hapa Upplands Väsby, na kiwanda cha zamani bado kimesimama. Bibi yangu alikuwa na ya kwake, sindano ya kuzibulia akiichomeka kwenye ukingo wa kanga. Nilipowaonyesha watoto lile jengo la matofali nikawaambia historia yetu na ya mji huu ilishakutana jikoni, hawakuniamini. Nendeni mkalione. Kiingilio mnakijua.

Turudi majini. Shule za hapa zinamtaka mtoto, kufikia mwisho wa darasa la 6, awe anaogelea mita 200, na mita 50 kati ya hizo awe chali. Darasa zima linajua nani anaweza na nani anajifanya anaumwa tumbo siku ya bwawa. Mipira ya plastiki haimfundishi mtoto kuelea. Ziwa linamfundisha, nawe ukiwa umesimama maji ya kiunoni, macho kwake, simu imebaki kwenye kikapu. Na hili la macho nalisema bila mzaha.

Shemeji yangu wa Märsta, mwenye boti ya kujaza upepo (iko stoo, pampu haijapatikana), ananiambia matembezi yanahitaji vifaa, na vifaa ni ghali. Shemeji, kuna Fritidsbanken. Ilianzia Deje, kule Värmland, mwaka 2013, na sasa ina matawi nchi nzima. Unaazima skii, viatu vya barafu, makoti ya kuelea, siku 14, hulipi senti na hakuna anayekuuliza mshahara wako. Ungeazima pampu.

Chanzo cha ugonjwa huu nakijua, wala sihitaji mtafiti: ni status ya simu. Ziwa halina bangili ya karatasi ya kupiga picha. Jamaa wa nyumbani wakiona mtoto kakaa juu ya nyasi na kipande cha mhogo watauliza kama Ulaya imetushinda. Kwa hiyo tunanunua picha, na watoto tunawaingiza ndani yake.

Ajabu ni kwamba huko nyumbani kwenyewe hatukuwa hivi. Mimi nimekulia Mombasa. Jioni ya Idi tulikuwa tukishuka Mama Ngina, pale Lighthouse, mji mzima. Mwenye duka anashuka kwenye gari lake, mpagazi anakuja kwa miguu, wote wanaagiza mihogo ya kukaanga ya yule yule mama, ndimu na pilipili, wote wanaitazama meli inayoingia Kilindini. Sikuwahi kumsikia mtu akisema bahari ni ya wasio nacho. Tumepanda ndege ndipo tukaanza kuyaonea haya maji.

Nitaliacha kundi moja tu. Mama anayefanya hemtjänst, kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, zamu za usiku, yuko peke yake na watoto watatu, akinunua saa mbili za kukaa kitako huku wanawe wakiruka trampolini, huyo simgusi. Hanunui anasa huyo, ananunua usingizi. Ila na yeye nimwambie, ile shughuli ya öppna förskolan kwa watoto wasioanza shule ni bure, chai ipo, na kuna mtu mwingine wa kumwangalia mtoto anapopanda meza.

Nyinyi wengine hamna pa kujificha. Mvua si sababu, maktaba ina paa. Umbali si sababu, mnafika uwanja wa ndege wa Arlanda kupokea mizigo ya kaka wa jirani saa kumi alfajiri. Wageni wa shughuli hawatakuja ziwani? Watakuja. Mimi wiki hii nakwenda na mahamri, na yule mtoto wa miaka sita nimeshamwombea ruhusa kwa mama yake, ambaye amekubali kwa sharti kwamba nisimwandike. Jina lake sijaliandika.

Shule zinafunguliwa katikati ya Agosti. Kodi ya mwezi huu imekwisha kukatwa, na atakayekaa nyumbani amelipa sawasawa na atakayekwenda ziwani.