Ukuta wa Mji na Ushuru wa Mfalme

Atazamaye leo kuta za mawe za York au Southampton, huko Uingereza, huenda akadhani kwamba wafalme wa zamani walizijenga kwa fedha zao wenyewe. Sivyo. Mara nyingi msaada wa mfalme ulikuwa ni hati yenye muhuri wake. Kwa hati hiyo wenyeji walipewa ruhusa ya kutoza ushuru, kwa muda wa miaka iliyotajwa, juu ya bidhaa zilizoletwa mjini kuuzwa. Na fedha hizo zilikuwa za kujengea ukuta tu.

Desturi hii ilishika nguvu katika enzi ya Mfalme Henry wa Tatu, aliyetawala tangu 1216 hata 1272. Hati zilitaja bidhaa moja moja, kama vile ng'ombe, ngozi, sufu, chumvi, samaki na mvinyo, na ushuru wa kila kitu. Basi mlipaji hakuwa tajiri wa mjini peke yake. Hata mkulima aliyeleta mkokoteni wa nafaka alitoa chake, ijapokuwa usiku alilala nje ya ukuta.

Penye fedha hapakosi tamaa. Kwa hiyo mwaka 1275 Sheria ya Westminster, ya Mfalme Edward wa Kwanza, ilisema wazi kwamba mji utakaotoza kinyume cha hati yake utanyang'anywa ruhusa hiyo na kutozwa faini nzito.

Lakini kupewa ruhusa si kujenga. Southampton ulipata hati ya namna hii mwaka 1260, ukajikinga upande wa bara. Upande wa bahari uliachwa wazi, kwa maana matajiri walitaka njia rahisi ya kupitisha sufu na mvinyo kati ya gati na maghala yao. Oktoba 1338 merikebu za Wafaransa na wenzao wa Genoa zikaingia. Mji ukaporwa na kuchomwa moto. Ndipo Mfalme Edward wa Tatu alipoamuru upande huo nao ufungwe. Milango na madirisha ya nyumba za matajiri zilizoelekea bahari yakazibwa kwa mawe, nazo zikawa sehemu ya ukuta. Alama zake zaonekana hata leo.

Wahenga wetu walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Southampton walijenga ukuta, wakaacha ufa. Mtawala aweza kutoa ruhusa, na sheria yaweza kulinda ushuru. Lakini kazi ya wote ikipangwa kwa faida ya wachache, hasara yake haichagui mtu.